Waridi Lipi Lanukia Vipi

Orodha za mawaridi ya bustani huieleza harufu kwa maneno machache yasiyobadilika: hafifu, ya wastani, kali. Anayetaka kupanda mwaridi kwa ajili ya kuunusa hupewa kipimo hicho pekee, naye huchagua penye neno "kali" akiamini kwamba amechagua vyema. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo chenye manufaa kidogo kuliko vyote. Mawaridi mawili yanaweza kunukia kwa nguvu ileile na yasifanane hata chembe, na waridi lenye harufu hafifu kwa anayeliinamia linaweza kuijaza bustani nzima kwa anayepita mbali. La kuuliza kwanza ni waridi linanukia vipi, harufu yake inatoka sehemu gani ya mmea, na ni saa ngapi inapotoka. Nguvu ije baadaye.

Nchini Marekani ipo nishani maalumu ya harufu, iliyopewa jina la James Alexander Gamble, ambayo hutunukiwa mawaridi yenye harufu kali. Waridi la kwanza kuipata, mwaka 1961, lilikuwa 'Crimson Glory', jekundu iliyokolea, lenye harufu ile ambayo wengi wangeitambua mara moja kuwa ni ya marashi. Mwaka 1966 nishani hiyohiyo ilikwenda kwa 'Sutter's Gold', la manjano yenye wekundu, linalonukia kama tunda bivu, na mwaka 1986 ikafika kwa 'Double Delight', ambalo lina ukali wa viungo. Yote matatu yana harufu kali na yote yalistahili, lakini mtu aliyelipenda la kwanza hana hakika yoyote ya kulipenda la tatu.

Wengi wetu tumelelewa na harufu moja, ile ya marashi, tukaamini kwamba ndiyo harufu ya waridi. Kwa kweli hiyo ni harufu ya ukoo mmoja tu, nami nitaanza na ukoo huo kwa sababu ndio mizani ambayo koo nyingine hupimwa kwayo. Waridi la Dameski, ambalo wataalamu wa mimea huliita Rosa × damascena, ndilo linalolimwa Kazanlak nchini Bulgaria, Isparta nchini Uturuki, Kashan nchini Iran na Taif nchini Saudi Arabia kwa ajili ya mafuta na marashi. Kilo 1 ya mafuta huhitaji kilo 3,000 hadi 5,000 za maua, na maua hayo huchumwa kuanzia alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa kuwa joto la mchana huyarusha mafuta hewani kutoka kwenye petali.

Ukilinusa waridi hilo bila haraka utagundua kwamba harufu yake ina tabaka. Kampaundi za harufu ziitwazo geranioli na sitroneloli ndizo hutangulia, nazo huleta utamu wenye ubichi kidogo unaoelekea kwenye ganda la limau. Chini yake ipo alkoholi ya fenilethili, laini na tulivu, yenye kukumbusha asali, ambayo hukaa puani muda mrefu kuliko zile mbili. Kisha kuna kampaundi iitwayo beta-damasenoni, iliyotambuliwa katika mafuta ya waridi ya Bulgaria mwaka 1970. Kiasi chake hakifikii hata asilimia 1 ya mafuta hayo, lakini pua ya binadamu huihisi kwa wepesi wa ajabu, na mchango wake katika harufu nzima ni mkubwa kuliko ule wa kampaundi nyingine zilizojaa tele. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu linaeleza kwa nini ni vigumu kupima harufu kwa wingi wa mafuta peke yake: chembe ndogo ya kitu kimoja inaweza kuongoza, na wingi wa kingine ukawa msindikizaji tu.

Mwenye kutaka kulinganisha asilihukumu ua kwa chupa iliyotokana nalo. Alkoholi ya fenilethili huyeyuka katika maji, na maua yanapokenekwa kwa mvuke sehemu kubwa ya kampaundi hiyo huenda na maji, yaani kwenye marashi, huku mafuta yakibaki na kidogo tu. Hivyo marashi, mafuta na ua bichi vyote vyaweza kutoka katika kichaka kimoja na kila kimoja kikawa na harufu yake. Ua bichi ndilo lenye harufu kamili. Mafuta hunukia kwa ukali zaidi na marashi kwa ulaini zaidi, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachomweleza mtu kile atakachokipata asubuhi kichakani.

Jirani wa karibu wa waridi la Dameski ni Rosa gallica, hasa lile lililojulikana kama waridi la waganga, ambalo Provins nchini Ufaransa ilipata sifa kubwa kwalo. Linapokuwa bichi harufu yake ni ya wastani, nami sioni kwamba linaweza kushindana na Dameski. Likikaushwa mambo hubadilika: petali zake hushika harufu zikiwa kavu, ilhali mawaridi mengi mazuri hugeuka kuwa kitu kinachonukia kama nyasi. Rosa × centifolia, waridi lenye petali nyingi linalolimwa Grasse kwa ajili ya manukato, ni tamu zaidi na lina asali nyingi zaidi, hata nyakati nyingine utamu huo hunichosha. Katika ukoo huu wote wa kale mimi nalipenda kuliko yote waridi jeupe, Rosa × alba, pamoja na watoto wake kama 'Königin von Dänemark' la mwaka 1826. Harufu yake ni ya Dameski iliyopunguzwa uzito na kuongezwa hewa, na mtu anaweza kukaa kando yake saa nzima bila kuchoka.

Ikiwa mtu anataka kujifunza kulinganisha, ningemshauri aanze na ndugu wa tumbo moja. 'Papa Meilland' la mwaka 1963, 'Mister Lincoln' na 'Oklahoma' ya mwaka 1964 ni mawaridi matatu mekundu yaliyotokana na wazazi walewale wawili, 'Chrysler Imperial' na 'Charles Mallerin'. Mawili ya mwisho yalizalishwa Marekani na la kwanza Ufaransa. Yote ni mekundu ya kukolea, yote yana petali nene zenye mguso wa mahameli, na yote yamejaa harufu ya Dameski. Kwa mbali mtu angeapa kwamba ni kitu kimoja. Yaweke kandokando, kila moja likiwa limefunguka nusu, nawe utaanza kuziona tofauti. Katika pua yangu 'Papa Meilland' lina makali ya limau yanayotangulia, kisha utamu hushuka polepole. 'Mister Lincoln' ni la mviringo zaidi, halina makali hayo, na linaanza moja kwa moja na utamu. 'Oklahoma' lina uzito kuliko wenzake, na harufu yake hukaa chini, kana kwamba haitaki kuondoka kwenye ua.

'Papa Meilland' lina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulilinganisha na 'Rouge Meilland', waridi jingine jekundu, zuri kwa macho, lakini karibu halina harufu. Waliuliza swali rahisi: ni jeni gani zinazofanya kazi kwa bidii katika petali za la kwanza na zimelala katika petali za la pili? Jibu liliwaelekeza kwenye kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, walichokiita RhNUDX1. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba mawaridi hutengeneza geranioli kwa njia ileile inayotumiwa na mimea mingine mingi yenye harufu. Kumbe waridi lina njia yake. Kimeng'enya hicho kinatoka katika familia ambayo hakuna aliyetarajia kuihusisha na manukato, na hufanya kazi yake katika saitoplazimu, ule ute unaojaza seli, nje ya vile vijisehemu vya seli ambamo mimea mingine hutengenezea kampaundi za jamii hiyo.

Ninachokipenda katika ugunduzi huo ni kwamba unabadilisha namna ya kulitazama waridi lisilonukia. Tumezoea kusema kwamba mawaridi ya kisasa "yamepoteza" harufu, kama kwamba kitu kilimwagika njiani na hakizoleki. Katika 'Rouge Meilland' jeni hiyo haikuwa ikifanya kazi ipasavyo, ndiyo maana petali hazikuwa na geranioli. Hilo ni jambo la urithi, na mambo ya urithi yanaweza kurekebishwa na mzalishaji mwenye subira. Subira inahitajika kwelikweli, kwa kuwa harufu hairithiwi kwa utaratibu mwepesi: mzalishaji anaweza kuoanisha mawaridi mawili yenye harufu nzuri akapata miche mingi isiyonukia. Mawaridi ya kukata, yale yanayosafirishwa mbali na kuwekwa kwenye vyombo vya maua, yalichaguliwa kwa urefu wa shina, uimara wa tumba na wingi wa siku linazodumu. Harufu haikuwamo katika masharti. Anayelaumu mawaridi yote ya kisasa kwa kulinusa lile la dukani hayatendei haki, kwa maana hajafika bustanini.

Sasa nije kwenye ukoo ambao naona umedharauliwa kupita kiasi, ule wa mawaridi ya chai. Mawaridi hayo yalifika Ulaya kutoka China, na mawili yaliyoacha uzao mkubwa ni 'Hume's Blush', lililofika Uingereza mwaka 1809, na 'Parks' Yellow', lililofika mwaka 1824. Harufu yao haina asali ya Dameski wala limau yake. Ni kavu, safi, yenye ubaridi kidogo, na walioinusa mwanzo waliifananisha na sanduku la majani ya chai linapofunguliwa. Kampaundi inayoongoza hapa ni dimethoksitolueni, ambayo mawaridi ya kale ya Ulaya hayaitengenezi kabisa. Uwezo wa kuitengeneza ulikuja na mawaridi ya China. Kwa hiyo mtu anapokutana na harufu hiyo katika waridi lolote la leo anaweza kujua, bila kuuliza, kwamba lina damu ya China ndani yake.

Mfano bora ninaoujua ni 'Lady Hillingdon' la mwaka 1910, lenye rangi ya tunda la aprikoti lililopauka, ambalo matumba yake ni marefu na huinama. Kwa kuwa ua huinama, anayesimama karibu na mwaridi uliopanda ukutani hukutana nalo uso kwa uso, na kuinama huko ambako wengi hukuita kasoro ndiko kunakoileta harufu puani. 'Maréchal Niel' la mwaka 1864 lina harufu nzito zaidi ya jamii hiyo, lakini ni mmea unaotaka joto na uangalizi mwingi. Wanaosema kwamba mawaridi ya chai hayanukii huwa wameyanusa baada tu ya kutoka kwenye Dameski. Pua iliyojaa utamu haiwezi kuisikia harufu kavu, na mpangilio wa kunusa ungebadilishwa, la chai likatangulia, wangesema vingine.

Mwaka 1867 mzalishaji Mfaransa Guillot alitoa 'La France', ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kwanza katika kundi la machotara ya chai, yaani mawaridi yenye ua moja kubwa juu ya shina refu. Hapo koo mbili zilikutana: utamu wa Ulaya na ukavu wa China. Tangu hapo waridi la bustani linaweza kuwa na harufu yoyote kati ya hizo mbili, au zote kwa pamoja, au isiwepo hata moja.

Mawaridi ya manjano yana kisa chake. Hadi mwisho wa karne ya 19 hapakuwa na waridi la bustani lenye manjano iliyokolea na ambalo huchanua mara kwa mara. Joseph Pernet-Ducher wa Lyon alilitumia Rosa foetida, waridi la mwituni la manjano kali, akapata 'Soleil d'Or' na kulitoa mwaka 1900. Jina la mzazi huyo wa mwituni halikutolewa bure, kwa kuwa ua lake linanuka, wala halinukii: harufu yake ni nzito na ya mafuta, na wengi huifananisha na mafuta ya mbegu za kitani. Hata hivyo wajukuu wake wengi wananukia vizuri kabisa. Rangi ya manjano na ya machungwa katika petali hutokana na karotenoidi, na karotenoidi zinapokatwa na vimeng'enya hutoa, pamoja na vitu vingine, beta-iononi, ambayo ndiyo moyo wa harufu ya ua la vayoleti. Hii ndiyo sababu moja ya kuyanusa mawaridi ya manjano kwa matarajio tofauti: mtu asitafute marashi pale, atafute vayoleti, matunda na majani mabichi.

Hapa ndipo pia mabishano mengi huanza. Watu wawili wenye pua nzima huinamia ua moja, mmoja akasema linanukia vayoleti, mwingine akasema halina kitu au lina uchachu. Wote wawili wanasema kweli. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba uwezo wa kuihisi beta-iononi unategemea kwa kiasi kikubwa jeni moja ya kipokezi cha puani, OR5A1. Wenye aina moja ya jeni hiyo huihisi hata ikiwa kidogo sana, nao huieleza kuwa ni harufu ya maua. Wenye aina nyingine huhitaji kiasi kikubwa zaidi, na hata wakiihisi huwajia kama kitu kichachu. Zaidi ya hayo, iononi huichosha pua upesi, hata anayeihisi vizuri huiona ikitoweka baada ya kuvuta pumzi mara chache, kisha ikarudi. Ukijua hayo huna haja ya kubishana na jirani yako juu ya waridi la manjano, na vilevile hutaamini sifa wala lawama za mtu mmoja, hata za mwandishi huyu.

Kuhusu harufu za matunda naweza kupita haraka, kwa kuwa pua huzitambua bila mafunzo. 'Madame Isaac Pereire' la mwaka 1881 lina rasiberi iliyochanganyika na utamu wa kale, na kwa nguvu sioni linaloweza kulishinda kwa mbali. 'Lady Emma Hamilton' la mwaka 2005, kazi ya Mwingereza David Austin, linaelekea kwenye pea na limau. Mawaridi ya jamii ya Rosa rugosa, kama 'Roseraie de l'Haÿ' la mwaka 1901, huongeza karafuu juu ya utamu, na si mfano wa maneno tu, kwa kuwa yujenoli inayoipa karafuu harufu yake hupatikana pia katika mawaridi.

Harufu ya manemane inahitaji maelezo marefu kidogo. Ilipata umaarufu upya mwaka 1961 kupitia 'Constance Spry', waridi la kwanza la David Austin kutolewa kwa umma. Anayeijua manemane yenyewe, ile gundi chungu ya mti, atashangaa, kwa sababu waridi hilo linanukia zaidi kama anisi, kwa utamu mkavu wenye makali ya dawa. Nimeona watu wakilikaribia kwa hamu na kurudi nyuma papo hapo, na wengine wakakataa kuondoka. Mimi ni wa kundi la pili, ingawa nakiri kwamba ni harufu ya kunusa mara moja na kuondoka; kuipanda dirishani pa chumba cha kulala si jambo ambalo ningemshauri mtu asiyeijua. 'Gertrude Jekyll' la mwaka 1986, la mzalishaji huyohuyo, ni salama zaidi kwa kuwa limerudi kwenye Dameski, na wingi wa harufu yake unatokana na mzazi mmoja wa kale, 'Comte de Chambord'.

Yote niliyoyaeleza hadi hapa hutoka kwenye petali. Lakini wapo mawaridi ambayo harufu yao hutoka kwingine, na hao ndio huvuruga kabisa vipimo vya hafifu na kali. Rosa moschata, waridi la miski, hutoa harufu yake kupitia stameni, vile vijiti vyenye chavua katikati ya ua, zaidi kuliko petali. Jambo hili linaweza kuthibitishwa na yeyote: chukua maua machache yaliyofunguka, tenga petali katika bilauri moja na stameni katika nyingine, funika zote mbili kwa visahani, ziache mahali penye uvuguvugu, kisha fungua na unuse kwa zamu. Bilauri ya petali itakuwa na kidogo. Ya stameni itakujia na harufu tamu yenye ukali wa karafuu, kabla hujaifikisha puani.

Harufu ya stameni husafiri. Ya petali hukaa kwenye ua ikimsubiri mtu ainame, ilhali ya miski hupanda na upepo na kumkuta mtu hatua nyingi kutoka kichakani, ambako hata maua hayaonekani. Ajabu ni kwamba akilifuata ua na kulitia puani huenda asipate zaidi ya alichokipata mbali. Tabia hiyo imo katika mawaridi yanayotambaa yenye vishada vikubwa vya maua meupe, kama 'Kiftsgate', na katika machotara ya miski aliyoyatoa Joseph Pemberton nchini Uingereza, yakiwemo 'Penelope' la mwaka 1924 na 'Cornelia' la mwaka 1925. Orodha nyingi huyapa haya alama ya "wastani". Alama hiyo ilitolewa na mtu aliyeinama, na kama angetembea bustanini jioni tulivu angeandika jingine.

Kisha kuna majani. Rosa rubiginosa ina tezi ndogo kwenye majani ambazo hutoa harufu ya tofaa, hasa baada ya mvua au jani linapofikichwa kwa vidole, na mwaridi huo hunukia hata usipokuwa na ua. Rosa primula ina majani yenye harufu ya ubani. Mawaridi ya kuvumwani, mfano 'William Lobb' la mwaka 1855, yamefunikwa kwa vinyweleo vyenye utomvu kwenye vikonyo na matumba. Shika tumba lake kwa wepesi, na vidole vitabaki na harufu ya msonobari, kisha linuse ua lenyewe ambalo ni tamu. Harufu hizo mbili zikikutana hutoa kitu ambacho hakimo katika waridi jingine lolote, na asiyegusa hatakijua.

Kwa kuwa nimesema sana juu ya kulinganisha, nieleze namna ninavyofanya. Huchagua asubuhi yenye joto la wastani na unyevu hewani, baada ya umande kuanza kukauka. Siku ya baridi, yenye upepo au ukame haifai, kwa kuwa hata waridi bora hubana harufu yake. Maua yote yawe katika hatua moja, yamefunguka kati ya robo na nusu. Tumba bado halijaanza, na ua lililofunguka kabisa limekwisha kutoa mengi. Huanza na mawaridi ya chai na meupe, kisha ya matunda, na mekundu ya Dameski huja mwisho. Kabla ya kunusa hulipulizia ua pumzi yenye joto, nikasubiri kidogo, halafu nikavuta hewa kwa mikupuo mifupi badala ya pumzi moja ndefu. Kati ya ua moja na jingine nainua uso na kupumua hewa ya kawaida. Wengine hunusa buni ili kusafisha pua, lakini hiyo ni kuongeza harufu nyingine kali juu ya zile zilizokwisha kuichosha. Kisha narudi kwenye maua yaleyale saa sita na jioni, kwa sababu waridi hutoa harufu kwa mzunguko wa siku, na kampaundi zake hazipandi na kushuka pamoja. 'Papa Meilland' la asubuhi lina limau. La alasiri, baada ya jua, limebaki na asali pekee.

Kwa mwenye nafasi ya miwaridi miwili tu, nisingemshauri achukue miwili yenye harufu kali kuliko yote. Achukue mmoja wa petali na mmoja wa stameni. 'Mister Lincoln' au 'Gertrude Jekyll' upandwe kando ya njia, mahali ambapo ua litakuwa karibu na uso wa mtu, na chotara la miski lipandwe mbali kidogo, upande ambao upepo wa jioni hutokea kuelekea nyumbani. Akipata nafasi ya wa tatu, uwe 'Lady Hillingdon' kwenye ukuta wenye joto, na aunuse kabla ya ile miwili.